Nimrekodi bibi kwa rekoda gani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Bibi yangu mzaa mama yuko Pangani. Umri umekwenda lakini akili yake timamu. Anajua hadithi za zamani, nyimbo za kubembeleza watoto, nyimbo za harusi, na zile za unyago, maana alikuwa kungwi. Sauti yake siku hizi imekuwa ndogo. Nataka kumrekodi kabla hatujachelewa, na nina laki tatu. Kariakoo nimeoneshwa rekoda kama kalamu, boksi lake limeandikwa 64GB, 1536 kbps, zaidi ya saa 700, na kwamba inazuia kelele. Muuzaji anasema ni sawa na za watu wa redio. Niichukue? Au simu yangu inatosha? Tena kaka yangu yuko Muscat, anataka kila nitakachorekodi nimtumie kwa WhatsApp.

Jibu: Marahaba mwanangu. Hiyo ya kalamu iache dukani. Sababu ziko kwenye boksi lenyewe, kwa hiyo tuanze na hesabu.

1536 kbps maana yake kila sekunde kifaa kinaandika biti 1,536,000. Hiyo ni sauti ya stirio isiyobanwa, 48 kHz kwa biti 16, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kila sekunde, kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, kwa njia mbili za stirio: zidisha 48,000 kwa 16, kisha kwa 2, utaipata namba hiyohiyo. Kwa mwendo huo saa moja inakula karibu megabaiti 690, na 64GB zinajaa baada ya saa 92 hivi. Sasa hizo saa 700 zimetoka wapi? Zimetoka kwenye MP3, sauti iliyobanwa, ya 192 kbps, ambayo kwa 64GB inafika karibu saa 740. Boksi limechukua ubora wa hali moja na muda wa hali nyingine, likaviandika pamoja, na mnunuzi anadhani atavipata vyote kwa wakati mmoja. Ukirekodi kwa ubora ule, huna saa 700. Ukitaka saa 700, huna ubora ule.

Na hata hiyo 1536 haisemi lolote kuhusu maiki. Ndoo kubwa haisafishi maji. Maiki ya kalamu imefichwa nyuma ya kitundu kama cha sindano, na saketi yake mara nyingi ina mvumo wa "shhh" usiokatika. Mtu mwenye sauti kubwa anaufunika mvumo huo, huutambui. Bibi yako mwenye sauti ndogo hataufunika. Ukija kusikiliza utapandisha sauti ili umsikie, na mvumo utapanda naye.

Hilo la kuzuia kelele ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ni programu ndani ya kifaa inayokisia lipi ni neno na lipi ni kelele, kisha inafuta inachodhani ni kelele. Imetengenezwa kwa watu wanaozungumza mkutanoni. Mpe mzee anayeimba kwa kuvuta pumzi, anayeguna katikati ya wimbo, anayepiga kofi polepole kushika mdundo: programu inaona kelele, inakata. Kilichokatwa namna hiyo hakirudi, kwa sababu hakikuandikwa kamwe. Kelele iliyorekodiwa unaweza kuipunguza baadaye kwenye kompyuta, juu ya nakala, huku faili halisi likibaki zima.

Simu yako je? Kama ni simu ya miaka ya karibuni, maiki yake si mbaya. Simu iliyo shubiri mbili kutoka kinywani mwa bibi itaishinda rekoda nzuri iliyowekwa upande wa pili wa sebule. Tatizo la simu liko kwingine. Inapigwa katikati ya hadithi. Nafasi inajaa bila taarifa. Programu nyingi za kurekodi zinabana sauti na kuisafisha bila kukuuliza. Na ni simu yako, utaihitaji, utaichukua, utaifutia picha, na siku moja itapotea nayo yote. Mpaka rekoda ifike, tumia simu: weka programu inayorekodi WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, weka simu kwenye hali ya ndegeni, na usimsubirishe bibi. Mtu mzee ana siku za kuimba na siku za kunyamaza. Siku yake ya kuimba ikija kabla rekoda haijafika, simu ndiyo rekoda.

Sasa cha kununua. Unatafuta kifaa kinachorekodi WAV, kinachokuruhusu kupanga kiwango cha sauti kwa mkono wako, kinachokula memori kadi ya kutoa na kuweka, chenye tundu la hedifoni na tundu la maiki ya nje. Na kitumie betri unazozipata duka la jirani, AA au AAA. Hilo la betri wengi wanalipuuza. Rekoda yenye betri ya ndani ni nyembamba na nzuri mkononi, lakini umeme ukikatika tangu asubuhi huna la kufanya isipokuwa uwe na pawabenki, na betri hiyo ikichoka baada ya miaka michache kifaa kizima kinakwenda nayo.

Kwa kazi yako ningeanza na Tascam DR-05X. Inatumia betri mbili za AA, na maiki zake mbili zinasikia pande zote. Maiki za aina hiyo zina faida mbili kwako: haziteswi sana na upepo, na bibi akigeuza kichwa kumwangalia mtoto sauti yake haipotei. Hasara yake ni kwamba zinakusanya na chumba kizima, kwa hiyo zinataka mahali patulivu na zikae karibu na msemaji. Zoom H1n ni chaguo la pili. Maiki zake zimepishana na kuelekea mbele, zinatenganisha vizuri zaidi kilicho mbele na kilicho nyuma, ila upepo kidogo tu zinanguruma, kwa hiyo lazima uzivalishe sponji au lile koti la manyoya. Zote mbili zinapatikana pia zilizotumika, na kwa bajeti yako huenda ukaangukia huko. Zikikushinda bei, Sony ICD-PX470 inaweza kazi ya hadithi: inatumia AAA mbili, inapokea memori kadi, na ndani ya menyu ina chaguo la Linear PCM, yaani WAV. Usipoingia kwenye menyu itarekodi MP3 tu, na watu wengi wanakaa nayo miaka bila kujua kwamba chaguo hilo lipo.

Utasikia pia habari za rekoda zinazoandika kwa biti 32 za namna ya "float", kama Zoom H1essential. Hizo hazitaki upange kiwango cha sauti, kwa sababu zinabeba kuanzia mnong'ono hadi kishindo bila kupasuka. Ni msaada wa kweli kwenye ngoma. Kwa bibi mmoja aliyekaa kitini si lazima.

Usimalize laki tatu zote kwenye kifaa. Bakiza walau sehemu ya tano kwa ajili ya kadi, betri za alkaline, na hedifoni za waya zinazofunika sikio. Betri zile za bei poa kabisa zinaangusha rekoda mapema, na mara nyingine inazima kabla faili halijafungwa vizuri. Ukinunua za kuchaji, ingia kwenye menyu uiambie rekoda ni aina gani, kwa sababu volti zake ni 1.2 na si 1.5, na bila kuambiwa mshale wa betri utakudanganya.

Unapokwenda dukani, nenda na hedifoni zako, kadi yako na betri zako. Muombe muuzaji akuache dakika tano. Fungua mlango wa betri, angalia vyuma vya ndani: ukiona ukungu mweupe au kijani, betri ziliwahi kuvujia humo, iache. Weka kadi, chagua WAV, chomeka hedifoni. Rekodi nusu dakika ukiongea kwa sauti ya kawaida, nusu dakika ukinong'ona, na nusu dakika kimya huku umefunika kifaa kwa viganja viwili au umekiweka ndani ya begi. Hicho kipande cha mwisho ndicho kipimo. Sikiliza ule mvumo wa kifaa chenyewe, kisha ulinganishe na mnong'ono wako. Kama mnong'ono unazama ndani ya mvumo, bibi naye atazama. Kisha chezesha waya kwenye tundu la hedifoni na la maiki. Sauti ikikatika na kurudi, tundu limechoka.

Kadi nayo ni ya kupima. Zipo kadi bandia zinazoonesha 64GB na ndani ni 8GB. Zinakubali kuandikiwa, hazilalamiki, na ukija kufungua faili za mwisho hazipo. Kwenye kompyuta ya Windows iko programu ya bure iitwayo H2testw inayoijaza kadi nzima na kuisoma tena. Kama huna, ijaze kadi kwa video mpaka mwisho, kisha fungua za mwisho uone kama zinacheza. Kwa rekoda hizi kadi ya 32GB inatosha kabisa. Ukishaithibitisha, ifomati ndani ya rekoda yenyewe.

Kuhusu mipangilio sitakuchosha. WAV, 48 kHz, biti 24, kama kifaa chako kinaruhusu. IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, kinataja viwango hivyo kama kima cha chini cha kuhamishia sauti za zamani kwenye dijitali, na sauti ya bibi yako ndiyo itakayokuwa ya zamani kesho. Saa moja ya stirio itakula takriban gigabaiti 1, kwa hiyo 32GB ni kama saa 30. Zima kuzuia kelele. Zima ile hali ya kuanza kurekodi yenyewe inaposikia sauti. Inachelewa kuamka, na kila sentensi itakosa silabi ya kwanza. Zima na kujipandisha kwa kiwango chenyewe, maana bibi akinyamaza kufikiri, rekoda itaona kimya, itajipandisha, na kuku wa uani watajaa chumbani. Panga tarehe na saa, na uziangalie tena kila ukibadilisha betri.

Hayo yote ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo. Nusu kubwa ni umbali na chumba.

Umbali ukiongezeka maradufu, sauti ya msemaji inapungua desibeli 6, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kutoka shubiri moja hadi shubiri nne, imepungua 12. Lakini feni haikupungua, friji haikupungua, bodaboda barabarani hazikupungua. Ndiyo maana ukiweka rekoda mbali unasikia nyumba zaidi ya mtu, na hakuna kifaa cha bei yoyote kitakachokutoa hapo. Kwa mwenye sauti ndogo, jibu si kupandisha namba kwenye rekoda, ni kusogea. Iweke shubiri moja na nusu hadi mbili kutoka kinywani, chini kidogo ya kidevu na pembeni kidogo, isielekee mdomo moja kwa moja. Ikikaa mbele kabisa, kila "p" na "b" itampulizia maiki pumzi na utasikia vishindo.

Usiishike mkononi. Vidole vikisogea juu ya plastiki, maiki inasikia kama mtu anaburuta kiti. Tafuta kigoda, weka juu yake khanga iliyokunjwa mara nne, rekoda ikae hapo. Isikae juu ya meza tupu ya mbao, maana kikombe kikiwekwa tu meza nzima inapiga kama ngoma. Muombe bibi kwa adabu avue bangili, au azipandishe mkono usio na kazi. Kama kuna mkeka chini, kaa usijigeuzegeuze. Ukili unalia kuliko unavyodhani.

Ukiamua kutumia maiki ya kubana kwenye nguo, ibane mahali ambapo ushungi hauifikii. Kitambaa kikisugua maiki kinaharibu kila neno. Na chunguza plagi kabla ya kulipa. Maiki zilizotengenezwa kwa simu zina pete tatu nyeusi kwenye plagi, na tundu la rekoda linataka pete mbili. Utahitaji adapta, na kwenye menyu uwashe umeme wa maiki, la sivyo utarekodi kimya kitupu. Kwa kazi yako mimi ningeiacha kabisa. Bibi akivalishwa waya anaanza kuongea kama yuko kituo cha polisi.

Sasa chumba. Simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio unabaki hewani, hapo pana mwangwi: kuta za saruji, sakafu ya vigae, dari tupu ya bati. Chumba cha kulala ni bora kuliko sebule, kwa sababu godoro, nguo na mapazia vinameza sauti. Tandika, tundika khanga ukutani nyuma ya rekoda na nyuma ya bibi. Na kama kwa jirani kuna nyumba ya udongo yenye paa la makuti, kaombe. Watu wanaona ni nyumba ya kizamani, lakini udongo na makuti vinatuliza sauti namna ambayo sisi tunaigharamia kwa sponji na mazulia, na mvua ikianza makuti hayakufukuzi kama bati. Kwa bati, manyunyu tu yanatosha kufunga kazi, kwa hiyo msimu wa masika uwe na subira.

Asubuhi ni nzuri kwa sababu upepo wa bahari haujaamka. Mchana unaingia, makuti ya minazi yanaanza kusugana, madirisha yanagonga. Kaa kimya dakika moja kabla hamjaanza na usikilize kwa hedifoni, maana sikio limezoea mambo ambayo maiki haijazoea. Utasikia friji. Utasikia saa ya ukutani. Kama nyumba iko karibu na mto, utasikia injini ya kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, na mashine za boti. Zima friji, na weka ndani yake kitu ambacho huwezi kuondoka bila hicho, funguo au pochi, ili usiisahau ikalala imezimwa na samaki wa watu.

Ukibonyeza REC, hakikisha namba za sekunde zinatembea. Kwenye Tascam mbonyezo wa kwanza unaiweka tayari tu: taa inapepesa, hedifoni zinasikika vizuri, mita inacheza, lakini hakuna kinachoandikwa mpaka ubonyeze mara ya pili. Watu wamerudi nyumbani na saa nzima ya kitu kisichokuwepo. Angalia sekunde, kila mara.

Kabla ya bibi kuanza, tumia ule mbonyezo wa kwanza kupanga kiwango. Mwambie akuimbie ubeti mmoja kwa nguvu zake zote, kisha panga mpaka vilele vya mita vicheze kati ya desibeli -12 na -6. Vikigonga 0 sauti inapasuka, na iliyopasuka haitengenezeki. Ikiwa ndogo kidogo hupotezi kitu, kwa biti 24 utaipandisha baadaye. Kosea upande wa chini.

Anza kila rekodi kwa kusema mwenyewe tarehe, mahali, jina la bibi, waliopo chumbani na mnachokwenda kurekodi. Kisha muulize bibi, rekoda ikiwa inatembea, kama ameridhia na nani anaruhusiwa kusikia. Jibu lake likae ndani ya sauti yenyewe, hapo halitatenganishwa nayo. Mwishoni acha nusu dakika ya kimya cha chumba kabla ya kuzima. Kimya hicho ndicho kitakachokusaidia siku utakapotaka kupunguza kelele kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, kwa sababu programu inahitaji kuoneshwa kelele peke yake ilivyo.

Waandishi wa habari wanafundishwa wasiitikie wakati mtu anaongea, watikise kichwa tu. Kwa mahojiano ya maisha yake fanya hivyo. "Ehee" zako juu ya maneno yake zitakuudhi wewe mwenyewe baadaye. Kwa hadithi usifanye hivyo. Bibi akisema "Paukwa!" akakuta kimya, hadithi imekufa hapo hapo. Lazima kuwe na "Pakawa!", tena ya watu. Ita wajukuu, wakae nyuma ya rekoda hatua mbili tatu, waitikie, wacheke, wadakie kiitikio cha wimbo ulio ndani ya hadithi. Mzee anayesimulia kifaa na mzee anayesimulia watoto ni watu wawili tofauti, na unayemtaka ni huyo wa pili. Kishindo cha watoto kisikutie hofu, ndiyo sababu umebakiza nafasi juu ya mita.

Siku akikusanyika na wenzake kuimba za harusi, mambo yanageuka. Hapo rudi nyuma. Rekoda ikae juu, usawa wa masikio ya mtu aliyesimama, mahali ambapo waimbaji ni wengi kuliko ngoma. Ikikaa jirani na ngoma utapata ngoma tupu. Panga kiwango wakati wanapiga kwa nguvu, wala si wakati wanajaribu jaribu, kisha kishushe kidogo zaidi, kwa sababu vigelegele havijaja. Vigelegele ndivyo vinavyopasua rekodi nyingi za harusi.

Nyimbo za unyago nimeziacha peke yake kwa makusudi. Hizo si mali ya rekoda wala si mali yako peke yako. Zinafundishwa kwa mwali ndani, kwa masharti, na nyingine haziimbwi mbele ya mwanamume wala mtoto. Ni kweli baadhi zimefika jukwaani. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alizipigia ngoma ya msondo mbele ya watu wa nchi nyingi. Lakini alichoamua yeye hakimfungi bibi yako. Muulize wimbo kwa wimbo: huu nirekodi au niuandike tu, au niusikie nikae nao? Akisema usirekodi, zima mbele yake aone taa imezimika. Akikubali, hizo ziende kwenye kadi ya peke yake na folda ya peke yake, jina la faili lianze na neno litakalomzuia mtu kufungua bila kufikiri, na ndani yake sauti ya bibi mwenyewe iseme ni za nani. Kaka yako hazimhusu, hata akikubembeleza. Na kama fundi wa kukusaidia ni mwanamume, hizo usimpe azisafishe. Jifunze kuzisafisha mwenyewe, si kazi ngumu.

Jioni hiyohiyo, kabla ya kulala, hamisha. Kunakili pekee hakutoshi. Fungua kila faili kwenye kompyuta, sikiliza mwanzo wake, katikati na mwisho. Lipe jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku, kwa mfano 2025-03-08_pangani_bibi_hadithi_01.wav, bila nafasi wala alama za ajabu, ili zijipange zenyewe kwa tarehe. Kuwe na daftari la kawaida la karatasi: jina la faili, nani kasema nini, maneno ambayo hukuyaelewa. Yale maneno muulize kesho yake, angali yupo wa kuulizwa. Usifute kadi mpaka faili ziwe mahali pawili na umezisikiliza pote pawili. Mahali pa tatu pawe nyumba nyingine kabisa, kwa mama mdogo au kwa rafiki, maana moto na wezi hawachagui diski. Faili la kwanza usiliguse milele. Kukata, kusafisha, kupandisha, vyote fanya kwenye nakala.

Basi imebaki ya Muscat. Usimtumie kaka yako kwa kurekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp huku spika ya kompyuta ikicheza, kama wengi wanavyofanya. Sauti hizo zinabanwa sana, na wimbo unatoka kama umepitia bombani. Tengeneza nakala ya MP3 ya 192 kbps kwenye Audacity. Saa moja itakuwa megabaiti 86 hivi. Kwenye WhatsApp chagua kuituma kama hati, wala si kama sauti, na itamfikia jinsi ilivyo. WAV halisi zikusubiri apate likizo. Aje na diski yake, azinakili nyumbani, na hapo diski yake ndiyo itakuwa nakala ya nne.